Matundu Mawili ya Ukuta wa Besimenti: Tanuri la Peleti Linavyotoa Moshi na Kuvuta Hewa

Hakuna jimbo la Marekani linalotegemea mafuta ya tanki kupasha nyumba joto kama Maine. Zaidi ya nusu ya kaya huyatumia. Bei ya mafuta ikipanda, habari za kupasha nyumba kwa peleti za mbao hurudi midomoni mwa watu, wakiwemo Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wa Portland na Lewiston ambao sasa wanamiliki nyumba zao. Wengi wao wamepata nyumba kongwe, mbao juu na mawe au zege chini, na mahali pekee penye nafasi ya kuweka tanuri ni besimenti. Hapo ndipo swali linapozuka: ukiwa chini ya ardhi, moshi utautolea wapi?

Jibu la haraka ni "toboa ukuta, pitisha bomba." Si uongo. Ila ukuta huo unahitaji matundu mawili, moja la moshi na jingine la hewa, na matundu hayo yanaelewana au yanagombana kutegemea ulivyoyapanga. Masharti ya ufungaji ukiyasoma kama orodha ya makatazo utayaona usumbufu mtupu, na utaruka moja au mawili. Ukijua hewa inavyotembea ndani ya nyumba wakati wa baridi, kila sharti lina sababu yake, na hulisahau tena.

Tuanze na tanuri lenyewe, kwa ufupi. Peleti ni unga wa mbao uliokandamizwa kwa nguvu hadi ukawa vipande vya kipenyo cha milimita 6 hivi. Huuzwa kwa mifuko ya ratili 40, na mifuko 50 ndiyo tani moja ya Kimarekani. Tani hiyo hutoa joto linalokaribia la galoni 120 za mafuta. Ndani ya mashine, skrubu inayozungushwa na mota huangusha peleti kidogo kidogo kwenye chungu cha moto, na feni huvuta hewa ipite chunguni kisha ikasukuma moshi nje. Tanuri hupasha hewa inayosambazwa vyumbani kwa mifereji ya bati. Bwela hupasha maji. Kwa habari ya matundu ya ukutani, mashine hizo mbili hazina tofauti kubwa.

Feni hiyo ndiyo inayotenganisha tanuri la peleti na jiko la kuni. Jiko la kuni hutegemea dohani ndefu, moshi wa moto upande wenyewe. Tanuri la peleti halisubiri moshi upande, linausukuma. Ndiyo maana linaweza kupumulia bomba la inchi 3 tu, tena lililolala ukutani, bila dohani ya matofali. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Katika dohani ya jiko la kuni, mwanya kwenye kiungo huvuta hewa ya chumbani kuingia ndani ya dohani. Katika bomba la peleti, kuanzia feni hadi nje, presha iko juu kuliko ya chumba, kwa hiyo mwanya huo huo hutema moshi ndani ya nyumba. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ile ile inayoua watu Goma, Nairobi na Bujumbura wanapolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Nyumba inavyovuta hewa kutoka chini

Jambo hili ndilo lisiloonekana, na ndilo linaloamua mengine yote. Wakati wa baridi, hewa ya joto iliyo ndani ya nyumba ni nyepesi kuliko hewa ya nje. Hupanda, ikatoka kupitia nyufa za darini, taa za dari na madirisha ya juu. Inayotoka juu lazima ifidiwe chini. Kwa hiyo besimenti, ambayo ndiyo sehemu ya chini kabisa, hunyonya hewa ya nje mchana na usiku kupitia kila ufa ulioko.

Nguvu hiyo inaweza kukadiriwa. Chukua nyumba yenye urefu wa mita 8 kutoka sakafu ya besimenti hadi dari ya juu, ndani nyuzi 20 za Selsiasi, nje nyuzi 10 chini ya sifuri. Tofauti ya presha kati ya juu na chini inafika paskali 11 hivi. Kwa kawaida hugawanyika karibu nusu kwa nusu: dari inasukuma nje kwa paskali 5 na kitu, besimenti inanyonya kwa paskali 5 na kitu. Paskali ni kipimo kidogo sana. Karatasi moja iliyolala mezani huikandamiza meza kwa karibu paskali 0.8. Lakini Kanada, paskali 5 ni kipimo kinachotumika sana kama mpaka wa mnyonyo ambao vyombo vya moto visivyofungwa vizuri vinaweza kuvumilia kabla moshi haujaanza kurudi chumbani. Kwa maneno mengine, besimenti ya kawaida katika usiku wa kawaida wa Januari tayari iko mpakani, hata kabla hujawasha kitu.

Sasa ongeza vinavyoshindania hewa hiyo. Mashine ya kukausha nguo hutupa hewa nje. Feni ya bafuni hutupa nje. Feni ya juu ya jiko la kupikia, hasa hizi kubwa za kisasa, hutupa nje nyingi zaidi. Bwela la mafuta na hita ya maji, kama zipo humo humo besimenti, zinataka hewa ya moto wao. Halafu unaleta tanuri la peleti. Likiunguza kilo 2 kwa saa, linahitaji kwa hesabu ya kemia kama kilo 12 za hewa. Kwa vitendo hupita hewa mara mbili ya hiyo au zaidi, yaani mita za ujazo 20 na kuendelea kila saa. Ukiliachia livute hewa hiyo kutoka besimenti, umeongeza mnyonyo palipokuwa na mnyonyo.

Maine na New Hampshire kuna jambo jingine linaloingia hapa. Mwamba wa chini una granaiti sehemu nyingi, na kutoka humo hutoka gesi ya radoni, ambayo ina mionzi na husababisha saratani ya mapafu. Besimenti inayonyonya kwa nguvu huivuta radoni kutoka ardhini. Kama hujawahi kupima nyumba yako, pima. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri nyumba irekebishwe radoni ikifika pikokuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa.

Kwa hiyo tundu la pili, lile la hewa, mimi silioni kuwa la hiari katika besimenti. Watengenezaji wengi huliita nyongeza, na kweli tanuri litawaka bila hilo. Kwa nyumba zinazohamishika, kanuni za Marekani zimelifanya la lazima. Kwa besimenti ya nyumba iliyozibwa nyufa vizuri ningeliweka hata kama hakuna anayelazimisha.

Bomba la moshi: aina na hesabu ya viwiko

Bomba linalotakiwa ni la kuta mbili lililotengenezwa kwa ajili ya peleti, lenye alama ya kuthibitishwa kwa kiwango cha usalama cha Marekani, UL 641. Ukuta wa ndani ni chuma cha pua, wa nje ni bati, na katikati kuna uwazi wa hewa wa robo inchi hivi. Madukani utaona pia bomba la gesi, aina ya B, linalofanana nalo sana na ambalo ni rahisi zaidi. Usilinunue. Ukuta wake wa ndani ni alumini, haukuundwa kwa moshi wa kuni wala kwa presha ya feni. Bomba la plastiki na hozi ya mashine ya kukaushia nguo havifai hata kutajwa.

Viungo vyote huzibwa kwa silikoni inayostahimili joto kali, isipokuwa mtengenezaji wa bomba awe ameweka mpira wake wa kuzibia ndani ya kiungo na kusema silikoni haihitajiki. Hapa watu hubana matumizi: wanapaka kiungo cha kwanza na cha pili, cha tatu kilicho nyuma ya boksi wanakiacha kwa kuwa hakifikiki. Kizibe kabla ya kulisogeza bomba mahali pake.

Kisha kuna upana. Bomba la inchi 3 linatosha njia fupi. Njia ikiwa ndefu feni inachoka na moto unageuka wa njano, mvivu, wenye masizi. Mafundi hutumia hesabu ya urefu linganifu. Kila futi ya bomba lililolala ni 1. Kila futi ya bomba lililosimama ni nusu. Kila kiwiko cha nyuzi 90, au ti (kiungo chenye midomo mitatu, umbo la herufi T), ni 5. Kiwiko cha nyuzi 45 ni 3. Jumla ikizidi 15, hamia inchi 4.

Tuipige kwa besimenti ya kawaida. Nyuma ya tanuri unafunga ti yenye kifuniko chini cha kutolea majivu: 5. Bomba linapanda futi 6 hadi karibu na dari: 3. Kiwiko cha kuelekea ukutani: 5. Futi 2 za kulala hadi nje: 2. Jumla 15 kamili, mpakani. Sasa ukigundua kwamba nje lazima bomba lipande tena futi 4 kuikwepa theluji, utaongeza ti nyingine, 5, na nusu ya futi 4, ambayo ni 2. Umefika 22. Anayenunua bomba kabla ya kupiga hesabu hii hununua mara mbili, kwa kuwa mabomba ya inchi 3 hayawi inchi 4. Soma pia kitabu cha mashine yako. Wapo watengenezaji wanaotaka inchi 4 mapema zaidi, na neno lao ndilo linalofuatwa.

Kama kuna dohani ya matofali iliyokaa bure, inaweza kutumika kwa kuteremsha bomba la chuma cha pua ndani yake hadi juu. Iliyo na moshi wa bwela la mafuta haifai kuunganishwa na peleti. Kila moto na njia yake.

Kupita ukutani

Ukuta wa besimenti si kitu kimoja. Nyumba mpya zina zege iliyomiminwa, unene wa inchi 8 au 10, yenye nondo ndani. Za katikati ya karne ya 20 mara nyingi ni matofali ya bloku yenye matundu. Kongwe zaidi zina mawe ya shambani yaliyopangwa kwa chokaa. Juu ya ukuta huo hukaa mbao: ubao wa msingi, kisha boriti za sakafu, na kwenye ncha za boriti kuna ubao unaozunguka nyumba nzima. Kuna njia mbili basi, kupitia zege au kupitia ubao huo wa juu.

Ubao unavutia kwa sababu hukatwa kwa msumeno wa mkono. Lakini mbao huungua, na hapo umbali wa usalama unaingia. Moshi wa tanuri la peleti kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 150 na 260 za Selsiasi. Mabomba mengine yanadai inchi 1 ya uwazi hadi kwenye mbao, mengine inchi 3. Chukua bomba la inchi 3, ambalo kwa nje ni kama inchi 3.5. Likidai inchi 3 kila upande, unahitaji uwazi wa inchi 9.5. Boriti inayoitwa 2x10 ina kimo halisi cha inchi 9.25. Halienei. Likidai inchi 1 tu, unahitaji 5.5, na linaenea vizuri kati ya boriti mbili. Tofauti yote iko katika lebo ya bomba, ambayo wengi huisoma baada ya kukata.

Mahali pa mbao bomba hupita ndani ya kikasha cha ukutani, kipande cha bati kinachouzwa na mtengenezaji wa bomba, ambacho hulinda uwazi huo usijazwe kitu. Usikijaze povu la kupuliza. Povu huungua. Boriti yenyewe usiikate hata kidogo. Inashika sakafu unayokanyaga.

Zege haiungui, na kwa hilo ni rafiki. Hutobolewa kwa mashine yenye kikombe cha almasi, ikimwagiwa maji, na maduka ya kukodisha vifaa huwa nayo. Ukikutana na nondo, kikombe hicho hukata, taratibu. Jambo la kuangalia ni kile kilichobandikwa kwenye zege. Nyumba nyingi zimebandikwa vibao vya povu gumu, ndani au nje ya ukuta, kuzuia baridi. Mtu huwaza "ni zege, haina shida," akapitisha bomba likigusa povu pande zote. Povu hilo lina umbali wake wa usalama kama mbao, basi likate nyuma. Kadhalika kuta za nje zilizovikwa plastiki ya vinili: hulainika na kujikunja karibu na ncha ya bomba, kwa hiyo bomba litokeze nje ya ukuta kwa kadiri kitabu kinavyotaka, na liwe na bamba la kukinga ukuta.

Ukuta wa bloku una uwazi ndani. Ukitoboa na kuacha hivyo, hewa ya ndani ya ukuta, maji na panya vina mlango. Weka mkono wa bati katika tundu, zungushia saruji pande zote mbili, ndani na nje. Ukuta wa mawe huo ndio mgumu kuliko yote: jiwe moja kubwa likilegea, mengine hulifuata. Kwa ukuta wa mawe nashauri kupita kwenye ubao wa juu, au katika tundu la dirisha dogo la besimenti: ondoa kioo, weka bamba la chuma lenye kikasha chake. Tundu lolote ulichonge likiinamia nje kidogo, ili maji ya mvua yanayofuata bomba yasiingie nyumbani.

Ncha ya nje

Kiwango cha NFPA 211, cha chama cha Marekani cha kinga ya moto, na vitabu vingi vya mashine vinakubaliana juu ya umbali wa msingi. Ncha ya bomba la moshi iwe angalau futi 4 chini ya dirisha au mlango, au futi 4 kando yake, au futi 1 juu yake. Kama kuna mdomo wa feni unaoingiza hewa nyumbani ndani ya futi 10, ncha iwe futi 3 juu ya mdomo huo. Penye njia ya watu, futi 7 kutoka chini. Kutoka ardhini, inchi 12. Baadhi ya watengenezaji hupunguza umbali wa dirisha tanuri likiwa na bomba lake la hewa, kwa kuwa nyumba hainyonyi kwa nguvu ile.

Inchi 12 hizo zinahesabiwa juu ya theluji. Watu wa Lewiston wanajua theluji ya kwenye kona ya nyumba, pale upepo unapoirundika na mashine ya kusafishia njia inapoitupa, hufika kiunoni. Hapo ndipo wengi huamua bomba lipande nje. Na kishimo cha dirisha la besimenti, kile kilichozungushiwa bati chini ya usawa wa ardhi, kisiwe kamwe mahali pa kutolea moshi. Hujaa theluji, na moshi hutulia humo ukirudi ndani kupitia dirisha.

Tundu la hewa

Bomba la hewa ni la chuma, inchi 2 au 3 kadiri mashine inavyotaka, na linaungwa moja kwa moja kwenye mdomo wa hewa wa tanuri. Kuacha mdomo wake ukining'inia karibu na tanuri si sawa na kuliunga. Hewa itaingia besimenti na kwenda inakotaka. Likiungwa, moto unapumua na nje peke yake, na mnyonyo wa besimenti haugombani nao tena isipokuwa kupitia nyufa za mlango wa tanuri.

Mahali pa mdomo wa nje pana kanuni mbili zinazoonekana kupingana. Usiwe karibu na ncha ya moshi, usije ukanywa moshi wako mwenyewe, na uwe chini yake, kwa sababu moshi hupanda. Lakini ukiweza, uwe upande ule ule wa nyumba. Upepo unapopiga ukuta wa kaskazini-magharibi, presha upande huo hupanda na upande wa pili hushuka. Moshi ukitokea upande unaopigwa na hewa ikiingilia upande wa kivuli, upepo unasukuma moto kinyumenyume. Yote miwili ikiwa ukuta mmoja, upepo unakandamiza sawa pande zote na moto hausikii. Kitabu cha mashine kitatoa umbali kati ya midomo hiyo miwili.

Mdomo wa hewa usichukue hewa ya gereji, ya darini wala ya ndani ya ukuta. Uwekee wavu wa matundu ya robo inchi kuzuia panya na ndege. Wavu wa mbu ni mwembamba mno. Hujaa vumbi na barafu.

Halafu jasho. Bomba hilo hubeba hewa ya baridi kali kupita katika besimenti yenye joto na unyevu, basi litatokwa na maji tangu mwaka wa kwanza, na maji yatatiririka hadi kwenye mashine. Livike faibaglasi yenye karatasi ya kuzuia unyevu, na lielekee chini kuelekea nje pale njia inaporuhusu.

Umeme ukikatika

Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nyaya za umeme Maine na Quebec, na sehemu kubwa ya jimbo ikakaa gizani, wengine kwa wiki mbili na zaidi. Tangu hapo hakuna mtu wa Maine anayeuliza kama umeme utakatika. Ukikatika, feni inasimama, na peleti zilizomo chunguni zinaendelea kuungua. Bomba lililolala tu halina msukumo wowote wa kuutoa moshi huo, na besimenti inanyonya kwa paskali zake 5. Moshi unarudi.

Hapa besimenti ina neema yake. Kwa kuwa bomba lazima lipande kutoka kwenye tanuri hadi juu ya ardhi, lina mvuto wa asili. Bomba lililosimama mita 1.5, lenye moshi wa wastani wa nyuzi 120 na nje nyuzi 10 chini ya sifuri, huvuta kama paskali 6.5. Linashinda mnyonyo wa nyumba, kwa shida. Moshi ukipoa hadi nyuzi 60, mvuto unashuka hadi 4, na sasa nyumba inashinda. Ndiyo sababu vitabu hushauri kupanda futi 3 hadi 5 angalau, na ndiyo sababu kupanda ndani ya besimenti ni bora kuliko nje: bomba la ndani hukaa na joto lake muda mrefu zaidi. Hewa iliyoungwa kutoka nje huongeza ulinzi kwa sababu mvuto huo haulazimiki kupambana na nyumba nzima. Betri ya akiba inayoweza kuendesha feni hadi moto ufe ni ununuzi wa busara.

King'ora cha kaboni monoksidi kiwe besimenti na kingine karibu na vyumba vya kulala. Ving'ora vya kawaida vya Marekani vimewekwa kulia baada ya dakika 60 hadi 240 gesi ikiwa sehemu 70 kwa milioni, na baada ya dakika 4 hadi 15 ikiwa sehemu 400. Peleti zenyewe, zikihifadhiwa kwa wingi katika chumba kilichofungwa, hutoa gesi hiyo bila kuungua. Ulaya watu wamekufa kwa kuingia katika maghala yake. Mifuko michache si hatari hiyo, ila ghala la tani kadhaa lisiwe ndani ya besimenti isiyo na hewa.

Kibali na majaribio

Kabla ya kutoboa, nenda kwa afisa wa kanuni za ujenzi wa mji wako na uulize kibali kinachotakiwa na nani anaruhusiwa kufunga. Mpigie na mwenye bima ya nyumba. Moto ukitokea na ufungaji haukuandikwa popote, hapo ndipo mjadala wa fidia unapoanza, na lugha ngeni haikusaidii. Nenda na ndugu au rafiki anayesoma Kiingereza cha kanuni, na uhifadhi picha za kila kiungo kabla ya kukifunika.

Tanuri likiwashwa mara ya kwanza, silikoni na rangi zitanuka, fungua dirisha. Siku ya pili, likiwa linawaka vizuri, funga milango na madirisha yote, washa kwa pamoja feni ya jikoni, feni za mabafu na mashine ya kukausha nguo, kisha shuka besimenti na tochi. Pitisha mwanga kwenye kila kiungo cha bomba na pembezoni mwa mlango wa tanuri, ukitazama uzi wa moshi. Soma tarakimu za king'ora kama kinazo. Moto ukigeuka mvivu wakati feni hizo zinavuma, tanuri linanyimwa hewa, na tatizo liko kwenye tundu la hewa. Moto ukiwa mzuri na moshi ukaonekana kwenye kiungo, tatizo liko kwenye silikoni.

Baada ya tani ya kwanza kuisha, zima, acha lipoe, fungua kifuniko cha ti chini na utoe majivu. Peleti nzuri huacha majivu chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Ukikuta masizi meusi yenye kunata badala ya vumbi la kijivu, rudi kwenye hesabu ya viwiko na upime bomba upya.